Majivu Kwenye Vifungo

Juzi mjukuu wangu alikaa barazani akisugua shaba ya mkanda wake wa jeshi kwa majivu na ukwaju. Kambini huwa wanapewa dawa ya kopo, lakini kopo lake lilikuwa limekwisha, na alitakiwa kurudi na mkanda unaong'aa. Mimi nilikuwa ndani nachambua mlenda. Harufu ikaingia mlangoni, ule uchachu wa ukwaju uliochanganyika na majivu ya jikoni, na mikono yangu ikaacha kazi yenyewe. Nikatoka kwa mlango wa nyuma nikaenda kukaa karibu na zizi la mbuzi kama mtu aliyefukuzwa kwake.

Alikuja kunitafuta. Akauliza, "Bibi, nimekukosea nini?" Nikamwambia hajanikosea, aendelee na kazi yake. Akasema kesho kutwa anaondoka, na angependa nimbariki kabla ya safari kama walivyofanya watu wa zamani. Vijana hawa wanapenda sana watu wa zamani, maana hawakuishi nao.

Ninyi wa rika langu mnaijua harufu hiyo. Mliwaona askari wa Mdachi wamejipanga kivulini mbele ya boma la Dodoma, kila mmoja na kigae chake cha majivu, wanasugua vifungo mpaka jua linatazama humo. Tumebaki wachache, na kila kipupwe kinatupunguza. Nitaieleza yangu kabla sijatangulia, na asiyetaka kusikia habari za huzuni aende akacheze na wajukuu zake.

Tulikaa Miyuji. Miyuji ya wakati ule ilikuwa matembe machache, nyumba za udongo zenye paa bapa, chini ya vilima, na kati ya tembe moja na jingine ni mashamba ya uwele na miiba. Baba alikufa mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo simkumbuki hata sauti. Tulibaki watatu: mama, kaka yangu Mbeho, na mimi. Kaka aliitwa Mbeho kwa sababu alizaliwa katika miezi ya upepo wa baridi. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana na moyo wa kutaka kutazamwa, na sioni kosa katika hilo, kwani ni kijana gani asiyetaka kutazamwa?

Mwanamume wa nyumba yetu alikuwa Mjomba, kaka yake mama, ingawa tembe lake lilikuwa ng'ambo ya korongo. Mjomba alikuwa mfupi, mkimya, mwenye jicho moja lililopofuka kidogo. Ungemkuta njiani ungedhani ni mtu anayetafuta mbuzi wake aliyepotea. Lakini vijana wa Miyuji wote walipitia mikononi mwake, kwa sababu ndiye aliyefundisha fimbo. Siku hizo wezi wa ng'ombe hawakuwa hadithi. Kijana asiyejua fimbo na ngao hakupewa kundi la kuchunga, na asiye na kundi hakupewa mke.

Alifundishia mchangani, katikati ya korongo lililokauka, mavuno yakishaingia ghalani. Mwanamke mzima hakuruhusiwa kukanyaga mchanga ule. Wasichana wadogo tuliruhusiwa, kwa kuwa vijana walihitaji maji na hapakuwa na mwingine wa kuyabeba. Basi mimi nilikuwa nakaa ukingoni na kibuyu changu, natazama, na kwa sababu hakuna aliyenieleza kitu, nilijieleza mwenyewe kila nilichokiona.

Jambo lililonitesa lilikuwa nguo zao. Vijana wa Mjomba walivaa kaniki tupu. Hakuna shanga, hakuna njuga mguuni, hakuna unyoya, hakuna hata udongo mwekundu wa kujipaka, ule tuliokuwa tukiuchanganya na siagi. Na kaniki yenyewe haikuvaliwa hivihivi. Mrangi mmoja mwenye punda, aliyekuwa akishuka kutoka Kondoa kupitia Chemba, alituletea kaniki mpya, nzito, zenye mng'aro wa buluu kama bawa la kunguru. Mimi niliona hapo ndipo penye uzuri wake. Mjomba akipokea kaniki mpya ya mwanafunzi, aliizika kwenye tope jeusi la mbuga, akaikanyaga, akaiacha humo mpaka ule mng'aro wote ufe. Ikitoka ilikuwa haina rangi ya kutajika. Kijana akiivaa akasimama penye kivuli cha mwiba, ulimtafuta.

Niliamini kabisa kwamba Mjomba anawaadhibu. Hakujaliwa mtoto wa kiume, na mimi kwa akili yangu nilijua kwamba ana kijicho na watoto wa wenzake, ndiyo maana anawavisha matambara. Kaka alipouliza mbona vijana wa Nzuguni wanajifunza fimbo na mapambo yao yote, Mjomba alimjibu kwamba jicho la adui ni mbwa, ukitikisa kitu linakifuata, na wao wanatikisa vitu mwili mzima. Nikawaza mbwa. Siku nyingi baada ya hapo nikiona mbwa nilijificha.

Hao vijana wa Nzuguni walikuja kweli, mwisho wa mavuno, kushindana. Hata leo nikifumba macho nawaona wanavyoshuka kilimani: manyoya ya mbuni kichwani, shanga nyekundu na nyeupe zimepishana kifuani, njuga zinalia chaa chaa kila hatua, na miili imepakwa wekundu ikiteleza kwa mafuta. Wasichana walisahau mitungi kisimani. Wetu walisimama upande wa pili kama magogo ya jana. Niliona aibu mpaka nikatazama chini.

Kaka alipambana na yule aliyependeza kuliko wote. Halikuwa pambano la kueleza kwa urefu, maana lilikwisha upesi. Njuga za yule kijana zililia kabla mguu haujanyanyuka, na Kaka akajua unakwenda wapi. Unyoya ulitikisika kabla kichwa hakijakwepa. Fimbo ya Kaka ilimpata begani, kisha gotini, kisha yule mzuri akakaa mchangani na mapambo yake. Lakini wasichana walimwimbia nani? Walimwimbia yeye aliyekaa chini. Walimwimbia njiani mpaka Nzuguni, walisifu unyoya wake na shingo yake, na Mbeho aliyeshinda akavuka korongo na kaniki yake bila mtu kumtaja jina.

Nilitembea nyuma yake nimebeba kibuyu. Tulipokaribia tembe letu akasema, bila kugeuka, "Nimeshinda, mdogo wangu, na hakuna aliyeniona."

Nilimhurumia sana. Nilitamani ningekuwa na shanga za kumpa. Sikujua kwamba kwa Mjomba, kutoonekana ndiko kushinda kwenyewe, na sidhani kama Kaka naye alitaka kulijua.

Tulikuwa tukipeleka maziwa Dodoma, kwa watu wa stesheni. Siku moja tuliwakuta askari uwanjani mbele ya boma wanafundishwa. Miguu yao ilipiga ardhi pamoja kana kwamba ni mguu mmoja wa mtu mkubwa. Walivaa kaki iliyonyooka, miguu imefungwa vitambaa kutoka kifundo mpaka goti, vifungo vya shaba vimepanga mstari kifuani, na juu ya kofia, mbele, kuna ndege wa chuma amekunjua mabawa. Kaka alisimama. Maziwa yaliganda na jua, na watu wa stesheni walitusema vibaya, lakini yeye hakusikia neno. Mimi nilichoshika ni yule ndege. Nilidhani amewekwa pale ili amlinde mwenye kofia, amwamshe akilala, amwambie adui anakotokea. Nilimwuliza Kaka ndege anakula nini, akacheka, akaniambia anakula Waingereza.

Vita vilipokuja kati ya Wadachi na Waingereza, wengine walikamatwa mashambani wakafungwa kamba. Mbeho alijipeleka mwenyewe. Jirani mmoja alimwambia mama mtoto akililia wembe mpe, na mama hakumsalimia jirani huyo tena.

Alifundishwa bomani miezi kadhaa, kisha akaruhusiwa kuja nyumbani siku chache kuaga kabla ya kupandishwa gari moshi. Alitokea asubuhi, amevaa vile vitu vyote, na watoto wa Miyuji wakamfuata kwa furaha. Sikumtambua mpaka aliponisalimia, "Mbukwa, mdogo wangu." Nilimgusa kifungo kimoja. Kilikuwa cha moto kwa jua, na uso wangu ulikuwamo ndani yake, mdogo, umepinda.

Mama hakumgusa. Alikuwa amekwisha kupanga lake. Kulikuwa na wachungaji wa ukoo wetu waliokuwa wanahamisha ng'ombe kuelekea Chemba kutafuta majani, wanaondoka alfajiri ya pili. Mbeho avue koti, litupwe kisimani, avae kaniki yake na afuate ng'ombe kama mchungaji mwingine yeyote. Nani atamtambua kule? Kaka akasema Wadachi watakuja kuchoma tembe na kuchukua mifugo. Mama akasema waichukue, ng'ombe hazai mtu. Walibishana mchana kutwa. Mwishowe mama alitamka neno lake la mwisho, na hilo nalikumbuka kama lilivyotoka kinywani mwake.

"Mjomba wako akikubariki, nitakuachia uende, kwa sababu yeye ana macho ya mambo haya na mimi sina. Asipokubariki, nitalala hapa mlangoni. Univuke."

Mnajua uzito wa hilo. Hapakuwa na mtoto kwetu aliyemvuka mama yake mlangoni akafika popote. Kaka akavaa kofia yake yenye ndege, akaniambia nichukue kibuyu, twende kwa Mjomba.

Mjomba alimpokea kwa upole, akamwambia amekua. Alimsikiliza mpaka mwisho. Hakusema ndiyo wala hapana. Alisema kwanza wacheze fimbo mara moja, kama zamani. Kaka akacheka, akataka kuvua koti, na Mjomba akamkataza: avae hivyohivyo, ndivyo atakavyokuwa huko aendako. Kaka akasema koti ni mali ya serikali, likichanika atapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Mjomba akawaza kidogo. Akachota majivu jikoni, akayatia kwenye kigae, akamwaga maji kutoka kwenye kibuyu changu, akakoroga. Akasema hatampiga, atamgusa tu.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya Mjomba. Yeye alikuwa na kaniki yake ya siku zote na mimi nilikuwa ukingoni, na nawaambia kweli, mara mbili tatu nilimpoteza pale mchangani, mtu niliyemjua tangu kuzaliwa. Kaka nilimwona wakati wote. Kila alipogeuka, kifua chake kilitoa cheche. Alikuwa bado mwepesi, alikuwa bado Mbeho, lakini fimbo ya Mjomba ilijua njia. Ilichovya kwenye majivu, ikaingia, ikagusa kifungo cha chini. Ikarudi. Ikagusa kinachofuata. Kila kifungo kilipata tone lake jeupe, kikazimika, na Kaka hakumgusa Mjomba hata ukingo wa kaniki. Mwisho kabisa Mjomba alinyoosha mkono akamgusa yule ndege wa chuma kwenye kofia, polepole, kama anayempaka mtoto. Kisha akatua fimbo.

Hakuwa mtu wa maneno uwanjani. Alisema tu, "Umeona?"

Kaka alikuwa anahema. "Nimeona, Mjomba."

"Basi."

Mjomba akaniambia tutangulie nyumbani, yeye ana mtu wa kumwona kwanza, atafuata. Uso wake ulikuwa umetulia. Akaondoka kwa njia ya kwenda kwa wachungaji.

Sasa mjue mtoto aliyekaa ukingoni alikuwa ameona nini. Mara zote Mjomba alipowaaga watu wanaopeleka ng'ombe mbali, aliwapaka majivu kifuani kwa ncha ya fimbo, akiuliza swali na kujibiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa baraka ya safari katika ukoo wetu. Mimi nilikuwa nimeiona na nilikuwa naipenda. Na safari hii Mjomba hakupaka mahali pamoja tu. Alipaka kila kifungo, mpaka ndege naye akapata sehemu yake. Nilijaa furaha mpaka kibuyu kikanitoka mkononi. Mjomba, nikajiambia, hana kijicho tena.

Tulipopanda ukingo wa pili wa korongo, Kaka alisimama akainua kiganja kujifuta kifua. Nikamshika mkono. Nikamwambia asifute, baraka haifutwi.

"Baraka?" akauliza.

"Mjomba si amekupaka."

Alinitazama muda mrefu. Nilidhani anafurahi. Mkono wake ulikuwa bado hewani, karibu na kifua, halafu ukashuka taratibu ukakaa ubavuni. Miaka yote hii sijilaumu kwa maneno yale, nilikuwa mtoto na nilisema nililoliona. Lakini ule mkono unavyoshuka nauona hadi leo, na ungekuwa wangu ningeukata.

Mama alikuwa mlangoni. Aliyaona yale madoa meupe kabla hajaona uso wa mwanawe. Akauliza nani amempaka, na mimi nikasema Mjomba, hata ndege amempaka. Mama akamgeukia Kaka. Akamtaka aseme yeye, kwa kinywa chake. Kaka alitazama mbali, upande wa stesheni, akasema, "Ndiyo, mama. Mjomba."

Mama aliketi chini palepale. Alilia kidogo, kisha akainuka kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni, akawasha moto. Alisonga ugali wa uwele, akapika mlenda, akatoa maziwa yaliyokuwa yametengwa. Sijapata kumwona amechangamka hivyo tangu nizaliwe. Alimtania Kaka kwamba katika vitambaa vile vya miguuni anafanana na mtoto mchanga aliyefungwa nepi na mwenda wazimu.

Ndipo Mjomba akaingia. Chini ya kwapa alikuwa na kaniki iliyokunjwa, ile iliyofifishwa topeni, tayari kwa safari. Alikuwa ametoka kuwaambia wachungaji wamtarajie mpwa wake alfajiri. Alifungua mdomo aseme, lakini mama alimtangulia. Alimpigia magoti, akamshika miguu, akamshukuru kwa kumbariki mwanawe.

Kaka alikuwa kwenye kona, ameinama, amekwisha kuchukua majivu na ukwaju, anasugua kifungo. Harufu ile ndiyo ilikuwa hii ya juzi. Mjomba alimtazama. Akanitazama na mimi, nami nikamchekea.

Kwetu, baraka ya mjomba haikanushwi. Ukisimama mbele ya msafiri ukasema, mimi sikukubariki, hujarudisha mambo mahali pake: umemlaani, na laana ya mjomba hufika kabla ya msafiri. Kaka alilijua hilo. Alikuwa amemfunga mzee wetu kwa kamba ya mzee mwenyewe, na hakuthubutu kuinua macho. Mjomba angesema neno moja, mama angelala mlangoni, na mpwa wake angekuwa mtu aliyelaaniwa popote atakapokwenda, kwa wachungaji au kwa Wadachi. Alinyamaza. Aliiweka ile kaniki juu ya magoti ya Kaka, akakataa ugali, akatoka. Mama alisema kaka yake ameelemewa na uchungu wa kuagana.

Kabla ya kulala mama alimwuliza Kaka kwa nini anaifuta baraka. Akamjibu kwamba mzungu akiona kifungo kichafu ni viboko, na kwamba iliyokwisha kuingia imeingia.

Stesheni nilibebwa na Mjomba mabegani nione. Askari walikuwa wengi, wote sawasawa, na bado nilimjua wetu kwa sababu ya namna alivyoinua kidevu. Kabla ya kupanda behewa alinirudishia kaniki. Akasema nimtunzie, ataivaa akirudi, huko hana pa kuiweka. Niliishika kifuani. Ilinuka tope. Watu walishangilia, filimbi ikalia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mbeho alitazamwa na kila mtu. Mjomba peke yake alitazama chini.

Vita vilipopita kwetu vilichukua ng'ombe, vikachukua uwele ghalani, vikachukua mbegu. Bendera ya bomani ikabadilika, na askari wengine wakaja na vifungo vingine. Katika kiangazi hicho alirudi mwanamume wa Miyuji aliyekuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Alikuwa mifupa mitupu. Alikaa uani kwetu, akaomba maji, akamwambia mama kwamba Mbeho hayupo tena.

Alieleza polepole, akipumzika. Alisema wengine walikuwa wamekwisha kuvipaka vifungo vyao tope siku nyingi, wengine wamevikata kabisa. Mbeho alikuwa akivisugua kila asubuhi. Wenzake walipomwonya, aliwaambia vyake ni tofauti, vilipakwa baraka na mjomba wake, kimoja kimoja, na shahidi ni mdogo wake wa kike aliyekuwa pale. Asubuhi moja walikuwa wanapita kwenye majani marefu, yeye yuko mbele, na risasi ya kwanza ilikuwa yake.

Mjomba, aliyekuwa amekaa nasi, aliuliza swali moja tu. "Jua lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa linatupiga kifuani," yule mtu akasema.

Mjomba akatikisa kichwa, akaenda kuegemea ukuta wa zizi tupu.

Mama alisema huyo si Mbeho. Aliyebarikiwa na mjomba wake hafi kwenye majani kama swala. Alikataa kunyoa nywele, akakataza watu wasikae matanga. Walipomsihi aliwauliza kama wameona maiti. Ikaja ile njaa, Mtunya, ambayo ninyi wa rika langu sihitaji kuwaeleza, na nisingeweza. Tulikula mizizi, tulikula ngozi za kulalia. Mama alinipa mimi chake, na kila jioni alikaa ukutani akitazama njia ya stesheni.

Alipokuwa haamki tena, alimwita Mjomba. Alisema jambo moja halijui na linamsumbua: yeye hakuruhusiwa kukanyaga mchangani, kwa hiyo hakuyasikia maneno aliyoambiwa mwanawe siku ile. Anataka kuyasikia kabla hajaondoka.

Mjomba alikuwa amebaki ngozi na jicho lake moja zima. Alitoka nje nikadhani amekimbia. Akarudi na majivu kiganjani, akapiga magoti, akachovya kidole. Akampaka mama kifuani, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mbeho, mtoto wa dada yangu, nenda. Upite asikuone mbwa, asikuone mtu. Majani yakufiche, kivuli kikufiche. Urudi kwa mama yako ukiwa huna doa." Alipaka tena, akasema tena. Alipaka mpaka majivu yakaisha kiganjani na mama akawa anatabasamu amefumba macho, na hata alipoacha kupumua Mjomba hakuacha mara moja.

Sanda haikuwapo. Tulimfunga katika kaniki ya Kaka. Tulipomaliza kumzika, Mjomba alikaa juu ya udongo akaniuliza siku ile mchangani niliona nini. Nikamwambia niliona anambariki. Akasema, "Nilikuwa namuua, mwanangu. Kila kifungo nilimuua mara moja, ili achoke kufa, abaki." Kisha akasema kwamba Mbeho aliona vizuri kabisa, hakuwa mjinga, ila alipata mtu wa kumpa maana nyingine, iliyokuwa nzuri zaidi. Hakusema kwa hasira. Miezi michache baadaye naye nilimzika, mimi na mbwa.

Kama Kaka alikuja kuyaamini yale aliyowaambia wenzake, sijui. Alijua ni uongo alipomwambia mama. Lakini mtu akiwa peke yake nchi ya mbali, asubuhi, ameshika kigae cha majivu, huenda uongo wa mtoto ndio uliobaki wa kushika.

Mjukuu wangu aliondoka leo alfajiri. Alisimama mbele yangu amenyooka, mkanda unang'aa, akainamisha kichwa akingoja. Jiko lilikuwa karibu na majivu yalikuwapo tele. Nilinawa mikono mpaka viwiko, nikachota unga wa uwele, nikampaka paji la uso. Akauliza mbona si majivu, maana alisikia Wagogo wa zamani walitumia majivu. Nikamwambia ainame zaidi. Kisha nikachukua upindo wa kanga yangu, nikaufunika ule mkanda, nikaushikilia hivyo mpaka gari lilipopiga honi.